Joto Linaloshuka kutoka Batini: Namna ya Kukinga Dari ya Nyumba ya Zamani

Katika nyumba nyingi za zamani za Dar es Salaam, hasa zile za Magomeni, Ilala na Temeke zilizojengwa kwa mtindo wa vyumba sita vyenye korido katikati na uani nyuma, joto la mchana wa Januari hushuka kutoka juu. Mwenye nyumba hulaumu madirisha, hununua pangaboi, likishindwa huongeza feni ya mezani, kisha hujikongoja hadi kwenye kiyoyozi, na bili ya umeme inapomzidi nguvu hutoa mkeka akaenda kujilaza barazani. Muda wote huo bati linaendelea kuchemka juu ya kichwa chake, na kati ya bati hilo na kitanda hakuna kitu ila ubao mwembamba wa dari. Mwongozo huu unahusu kazi ya kuweka kizuizi pale, ndani ya paa, kwa namna ambayo fundi wa kawaida na mwenye nyumba makini wanaweza kuifanya bila kubomoa kitu.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio la kiganja. Saa nane mchana, siku isiyo na mawingu, panda kwenye stuli imara ukabandike kiganja kwenye dari ya chumba cha kulala. Kisha kibandike ukutani, na mwisho sakafuni. Dari utaikuta ina joto la bilauri ya chai iliyoanza kupoa. Ukuta utakuwa vuguvugu. Sakafu ya saruji itakuwa baridi kuliko vyote, kwa sababu imelala juu ya udongo ambao haujali sana kama ni asubuhi au mchana, na ndiyo maana wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa na mtu kutandika mkeka kwenye korido baada ya chakula cha mchana. Ukiona dari imeuzidi ukuta joto kwa kiasi kikubwa, fedha zako zielekeze juu. Ikiwa ukuta wa magharibi ndio unaounguza, tatizo lako ni jingine, nami nitaligusia mbele.

Maelekezo mengi ya kukinga nyumba dhidi ya joto yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako nyumba za zamani huwa na chumba kizima chini ya ardhi, na mwenye nyumba huambiwa akibandike kuta zake povu gumu na kuziba kila ufa. Kwetu, ambako nyumba imekaa juu ya msingi wa mawe au tofali na jua la adhuhuri linapita karibu na utosi, kukinga sakafu kungekuwa ni kujinyima ubaridi pekee tulionao. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi, na kati ya tarehe hizo mbili, katika miezi ya kaskazi, halisogei mbali. Paa ndilo linalolipokea.

Joto linavyosafiri ndani ya paa

Sehemu hii naiomba subira ya msomaji, kwa sababu asiyeielewa hununua bidhaa sahihi na kuifunga vibaya.

Bati lililozeeka, lenye kutu na vumbi, hufikia nyuzi 60 za selsiasi na zaidi katika mchana mkali. Watu hubishana sana kuhusu geji, wakidai kwamba bati la geji 28, ambalo unene wake ni takriban milimita 0.4, lina ubaridi kuliko la geji 30 lenye milimita 0.3. Kwa kutu na kwa upepo tofauti hiyo ina maana. Kwa joto haina. Chuma hupitisha joto kwa wepesi kiasi kwamba upande wa chini wa bati huwa na joto lilelile la upande wa juu, liwe jembamba au nene.

Kutoka hapo joto linashukaje hadi kwenye dari? Hewa ya moto hupanda, haishuki, kwa hiyo hewa iliyomo ndani ya paa si msafirishaji mkubwa wa joto la kuja chini. Joto hilo husafiri zaidi kama mionzi, vilevile unavyoungua uso ukikaa mbele ya jiko la mkaa ilhali hewa iliyo kati yako na jiko haijapata moto wa kiasi hicho. Bati ni jiko, dari ni uso wako. Ukipiga hesabu ya mionzi kati ya bati lenye nyuzi 65 na dari yenye nyuzi 47, unapata takriban wati 100 kwa kila mita mraba. Chumba cha mita 3 kwa mita 3.5 kina dari ya mita mraba 10 hivi, na hivyo mwenye chumba hicho amelala chini ya kilowati nzima, sawa na pasi ya umeme iliyoachwa inawaka mchana kutwa.

Mionzi hiyo ina adui mmoja wa bei nafuu: sehemu inayong'aa. Karatasi ya alumini safi hutoa mionzi kidogo sana, takriban asilimia 5 ya ile inayotolewa na ubao au bati lenye kutu likiwa na joto hilohilo, na mionzi inayoipiga huirudisha karibu yote. Sharti lake ni moja, nalo halisameheki: upande unaong'aa ni lazima utazamane na hewa tupu, angalau sentimita 2.5. Ukiugandamiza kwenye bati, kwenye ubao au kwenye godoro la pamba, joto huvuka kwa kugusana, na mng'ao hauna kazi tena.

Sharti hilo nililijifunza kwa gharama. Tulipoamua kuikinga nyumba ya familia, tulinunua karatasi yenye alumini upande mmoja na karatasi ya kaki upande wa pili. Fundi tuliyempa kazi aliibana juu kabisa, imegusana na kila mgongo wa bati, upande unaong'aa ukitazama juu na kaki ikitutazama sisi. Nilipomuuliza mbona amegeuza hivyo, alinijibu kwa upole kabisa, "Mzee, si jua liko juu?" Jibu lilinikaa akilini, nikamlipa. Mwezi wa Januari ulipofika dari ilikuwa na joto lilelile la mwaka uliopita. Kazi ilirudiwa mwezi Julai, karatasi ikashushwa hadi chini ya mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba paa, na kugeuzwa ing'ae kuelekea chini, na mara hiyo kiganja kilileta habari tofauti.

Kung'aa kuelekea chini kuna faida ya pili. Vumbi la Dar es Salaam halina likizo, na karatasi inayong'aa kuelekea juu hufunikwa na vumbi mwaka hadi mwaka hadi inapoteza nguvu yake. Vumbi halikai kwenye sehemu inayotazama chini. Ukipata karatasi yenye alumini pande zote mbili, ni bora zaidi, lakini uhesabu kwamba upande wa juu utakufa na wa chini ndio utakaobaki kazini.

Kukagua kabla ya kupanda

Majira mazuri ya kazi hii ni kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma, masika yamekwisha na vuli haijaanza. Hata katika miezi hiyo, ingia darini alfajiri, uwe umeshuka kabla ya saa nne asubuhi. Joto la ndani ya paa huangusha mtu bila kumpa taarifa, na mtu akianguka kutoka kwenye kenchi huipasua dari na kutua chumbani.

Tazama kwanza paa lenyewe ni la nini. Nyumba kadhaa za zamani, hasa zilizojengwa na serikali au mashirika, zimeezekwa kwa vigae vipana vya asbesto, vya kijivu, vyenye migongo kama bati lakini vinene na vikavu kama saruji. Na dari zake pengine ni za asbesto vilevile. Vumbi la asbesto husababisha saratani. Usiitoboe, usiikate, usiifagie, wala usiisugue kwa brashi. Kazi ya nyumba kama hiyo isimame hapo hadi apatikane mtaalamu wa kuiondoa, na mwongozo huu hauwezi kuwa badala yake.

Kama ni bati, panda na tochi ya kichwani, barakoa nzuri ya kuzuia vumbi, miwani ya kazi na glovu. Zima tochi kwa dakika moja ukiwa ndani: kila nukta ya mwanga unayoiona juu ni tundu la msumari au la kutu, nayo yote yazibwe kabla ya hatua nyingine. Gonga mbao za kenchi kwa mpini wa bisibisi. Ubao ulioliwa na mchwa hutoa sauti ya boksi tupu. Ukikuta popo, usianze kufagia mavi yao makavu, kwa kuwa yanaweza kubeba vimelea vya ukungu vinavyoshambulia mapafu. Yalowanishe kwa maji kidogo yenye sabuni, yakusanye kwa koleo, uyafunge kwenye mfuko. Popo wenyewe wafukuze kwa kuziba mlango wao usiku, wakiwa wametoka kuwinda, na hakikisha hakuna makinda yaliyobaki ndani.

Lililobaki ni umeme, na hapa sitakuwa na lugha ya upole. Alumini hupitisha umeme. Kati ya mwaka 2009 na 2010, serikali ya Australia ilipogharimia mpango mkubwa wa kukinga dari za nyumba, mafundi 4 vijana walipoteza maisha, 3 kwa kupigwa na umeme na 1 kwa joto la darini. Baadhi ya vifo hivyo vilitokana na pini za chuma zilizofunga karatasi ya alumini zikapenya kwenye waya. Nyaya za nyumba zetu za zamani hazina afadhali yoyote: zimeungwa kwa mkono, zimefungwa kwa selotepu, na nyingine ngozi yake imeguguniwa na panya. Zima swichi kuu, ifunge au mweke mtu wa kuilinda, na mlete fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aitazame mifumo ya darini, kila kiungo akiweke ndani ya kijiboksi chake, kabla karatasi ya kwanza haijapanda. Muda wote wa kazi umeme ubaki umezimwa, hata kama majirani wanataka kuangalia mpira.

Kufunga karatasi ya alumini

Pima eneo la mteremko wa paa kwa ndani, si la sakafu, kisha ongeza asilimia 10 kwa ajili ya mapishano na makosa. Utahitaji stepla ya mbao, mkasi, utepe wa alumini wa kuungia, kamba, na mbao mbili ndefu za kukanyagia zitakazolala juu ya boriti za chini za kenchi. Mtu asikanyage silingi bodi wala jipsamu hata kwa kidole gumba.

Karatasi hufungwa chini ya mbao za mteremko za kenchi, ikivuka kutoka kenchi moja hadi nyingine, kwa kulala sambamba na kofia ya paa, lile bati linalofunika kilele. Anza juu, ushuke. Mpangilio huo una sababu yake: kipande cha pili, kinachofuata chini ya cha kwanza, hufungwa baadaye na hivyo ukingo wake wa juu huwa chini ya ukingo wa kile cha mwanzo, na bati likivuja maji hutiririka kutoka kipande cha juu hadi cha chini mpaka nje ya ukuta. Ukianza chini na kupanda, maji yataingia kwenye kila pishano na kukudondokea kitandani. Mapishano yawe ya sentimita 10 hadi 15. Usivute karatasi ikakaza kama ngozi ya ngoma. Iache ilegee kidogo, maana mbao hucheza kwa joto na karatasi iliyokazwa hupasuka kwenye pini.

Juu, karibu na kofia, acha nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kila upande. Chini, kwenye usawa wa ukuta, acha nafasi ya namna hiyohiyo. Kati ya bati na karatasi sasa umepata bomba pana la hewa, lenye kina cha ubao wa kenchi pamoja na papi, zile mbao ndogo zinazopigiliwa bati. Hewa ya bomba hilo ikipata moto hupanda kuelekea kofia, na huko inahitaji pa kutokea.

Kuna vyumba, hasa vya uani na vya kupangisha, ambavyo havina dari kabisa na bati linaonekana moja kwa moja. Humo kazi ni rahisi, kwa kuwa unafanya ukiwa umesimama kwenye ngazi, na mabadiliko huonekana siku hiyohiyo. Funga karatasi kwanza, dari ya mbao au jipsamu ije baadaye fedha zikipatikana. Mwenye uwezo wa kimoja tu kati ya viwili hivyo achague karatasi.

Matundu ya hewa

Mafundi wa siku hizi wamependa kuziba. Fisheli bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, hupigiliwa ikagusana na bati, dari ya nje chini ya mwisho wa paa hufungwa bila tundu hata moja, na pembetatu za ukuta hujazwa tofali hadi juu. Paa la namna hiyo ni sufuria yenye mfuniko. Kanuni inayotumika kwingi duniani ni kwamba jumla ya matundu iwe walau sehemu moja ya 150 ya eneo la dari, nusu ikiwa chini na nusu juu. Nyumba ya mita 9 kwa 10 ina dari ya mita mraba 90, hivyo inahitaji mita mraba 0.6. Nusu ya chini hupatikana kwa matundu 10 ya sentimita 10 kwa 30 kwenye dari ya nje, yakigawanywa kuzunguka nyumba. Nusu ya juu hupatikana kwa madirisha mawili ya sentimita 40 kwa 40 yenye vibao vya kulala, moja kwenye kila pembetatu ya ukuta. Wavu wa kufunika matundu hayo hula sehemu ya nafasi, basi ongeza ukubwa kidogo.

Wavu wenyewe uwe wa chuma, wenye macho yasiyozidi milimita 6. Wavu wa kuku haufai: huzuia kuku, na kuku hawaishi darini.

Paa lenye miteremko minne halina pembetatu za ukuta, na hapo inabidi kofia iinuliwe sentimita mbili au tatu juu ya vibao vidogo, wavu ukapita chini yake, na kingo za kofia zikashuka vya kutosha kuzuia mvua ya upepo. Kazi hii mpe fundi aliyezoea mapaa. Kofia iliyoinuliwa vibaya huleta hasara kubwa zaidi ya joto ulilokuwa unalikimbia.

Godoro la juu ya dari

Karatasi ikishafungwa na paa likipumua, nyumba nyingi huwa zimepata sehemu kubwa ya nafuu yao. Mwenye fedha zilizobaki anaweza kutandaza pamba ya kioo juu ya dari, kati ya mbao, kwa unene wa milimita 75 hadi 100. Pamba hii haishiki moto kirahisi, hailiwi na mchwa, na hupunguza pia kelele za mvua juu ya bati, jambo ambalo wenye watoto wachanga watalithamini kuliko nyuzi zozote za joto. Ili uone uwezo wake, jipsamu moja ya milimita 9 huzuia joto kidogo mno. Ungelazimika kupanga zaidi ya jipsamu 40, moja juu ya nyingine, kuifikia pamba ya milimita 100. Anayekuuzia dari ya jipsamu kwa hoja kwamba "inaleta ubaridi" anakuuzia sura.

Pamba ya kioo huwasha kama upupu. Vaa mikono mirefu, funga vikuku vya mikono kwa utepe, na ukimaliza oga kwa maji baridi kwanza, kwa kuwa maji ya moto huzidisha muwasho. Usiisokomeze wala kuikalia, maana nguvu yake imo katika hewa iliyonaswa ndani yake. Isifunike taa zilizochimbiwa kwenye dari wala vigeuza umeme vyake, isifike kwenye matundu ya hewa ya pembezoni, na nyaya zipite juu yake badala ya kuzikwa chini, ili ziweze kupoa.

Stairofomu, yaani lile povu gumu jeupe linalokinga televisheni mpya ndani ya boksi, huzuia joto vizuri na huuzwa kwa urahisi, lakini siipendekezi juu ya dari isiyo na kinga. Huyeyuka na kuwaka kwa moshi mweusi mzito, na waya wenye ngozi ya plastiki ya PVC ukilala juu yake kwa miaka, ngozi hiyo hupoteza ulaini wake na kupasuka. Usumba wa nazi, maranda ya seremala na sufi ni vitu vyetu, vinazuia joto kweli, na bei yake ni ndogo. Shida ni kwamba vikiwa vikavu vinasubiri cheche, na vikilowa vinakaribisha mchwa na panya. Katika nyumba yenye nyaya za zamani, visipandishwe darini.

Rangi ya nje

Kupaka bati rangi nyeupe ni njia ya kuliwahi joto kabla halijaingia. Rangi nyeupe mpya hurudisha takriban asilimia 70 au zaidi ya nguvu ya jua, ilhali nyekundu iliyokolea, ambayo ndiyo pendwa ya mitaa yetu, hurudisha sehemu ndogo tu. Bati lioshwe kwa sabuni na kusuguliwa kutu, likauke, lipakwe praima ya bati la zinki, kisha rangi ya paa ya maji. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hubanduka kama ngozi ya kitunguu baada ya misimu michache. Chokaa nayo haidumu, na inapolowa hula zinki. Wanaovuna maji ya mvua kwenye simtanki waelekeze mvua za mwanzo nje, hadi paa lioshwe vya kutosha. Kwa kuwa vumbi hupunguza weupe, rangi ichukuliwe kama msaidizi wa karatasi iliyo ndani, na ioshwe kila mwaka.

Usiku, na viyoyozi

Dari iliyokingwa ina tabia moja ambayo wauzaji hawaisemi. Bati hupoa haraka jua linapozama, na chumba kisichokingwa hupoa nalo. Chumba kilichokingwa hutengwa na joto la bati mchana, lakini hutengwa pia na ubaridi wake usiku. Kuta za tofali za saruji, zilizokuwa zikihifadhi joto tangu asubuhi, huendelea kulitoa hadi saa sita za usiku. Kwa hiyo madirisha yenye nyavu yafunguliwe mara tu hewa ya nje inapokuwa baridi kuliko ya ndani, kwa kawaida baada ya saa moja jioni, na mlango wa mbele na wa uani iachwe wazi iwe njia ya upepo kwenye korido, kila mlango ukiwa na geti lake. Nyumba ile ya vyumba sita ilisanifiwa kwa ajili ya hilo, kabla ya warithi kuijazia kabati za nguo korido nzima.

Wenye kiyoyozi wazibe mianya yote ya dari: kuzunguka fimbo ya pangaboi, kwenye kona za mikanda, na kwenye mfuniko wa tundu la kupandia darini, ambao nao unahitaji kipande chake cha pamba. Hewa ya pwani yenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 25 hivi. Chumba kikipozwa hadi nyuzi 18, hewa ya darini itakayopenya kwenye mianya itaacha maji juu ya jipsamu, na baada ya miezi utaona madoa meusi ya ukungu ukidhani bati linavuja. Nyuzi 25 au 26 zinatosha kulala, hasa dari ikiwa imekingwa na pangaboi likizunguka polepole.

Kuhusu ukuta wa magharibi niliousema mwanzo, dawa yake ni kivuli cha nje: banda la makuti au mwarobaini uliopandwa mbali kidogo na msingi. Kumbuka pia kwamba mwezi Desemba na Januari jua la adhuhuri hapa kwetu huwa limeinama upande wa kusini, hivyo ukuta wa kusini hupata moto katika miezi ileile inayotusumbua, na kibaraza kidogo upande huo si anasa.

Ili ujue kama kazi imefaa, kinga chumba kimoja kwanza, ukiache kingine cha ukubwa uleule na upande uleule kama kilivyo. Tundika kipimajoto katika kila chumba, kwa urefu wa kitanda, mbali na dirisha, uandike namba za saa tisa alasiri na saa tatu usiku kwa wiki mbili. Baada ya hapo vuli ikianza, siku ya mvua kubwa ya kwanza, panda darini na tochi ukiwa bado unaisikia mvua batini, umulike karatasi kutoka kwenye kofia hadi ukutani. Panapoonekana maji, tundu la msumari linalohusika liko juu kidogo ya hapo, kwenye mteremko.